MV Uhuru: Meli Iliyozaliwa na Reli

Mkazi anayefika bandari ya Kisumu huenda akaiona meli ndefu ambayo sitaha yake imetandikwa reli. Hiyo ni MV Uhuru. Wengi huiita feri, ingawa haikujengwa kwa ajili ya abiria wala magari. Kazi yake ni kubeba mabehewa ya treni ya mizigo, nayo imeifanya chini ya wenyewe na waendeshaji tofauti tangu miaka ya 1960. Kuna vipindi ilipofanya kazi bila kupumzika, na kuna kipindi kirefu ilipokaa gatini bila kwenda popote. Ni rahisi kudhani kwamba tofauti ilikuwa injini. Ukifuata historia yake, utaona kwamba mara nyingi tatizo lilianzia nchi kavu.

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Kwa takriban miaka 30, mpaka njia ya kupitia Eldoret ilipofika Kampala mwaka 1931, mizigo ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli. Kila gunia la kahawa na kila robota la pamba lilipakiwa melini, likapakuliwa Kisumu, kisha likapakiwa tena ndani ya behewa. Hamali ndio waliofanya kazi hiyo, na muda mwingi uliishia gatini.

Feri ya mabehewa ilikusudiwa kuondoa mzunguko huo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza mbili kutoka kampuni ya Yarrow ya Glasgow, Uskoti: Uhuru na dada yake, Umoja. Kwa kuwa hakuna njia ya meli kubwa kutoka baharini hadi Ziwa Victoria, zililetwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kisumu.

Namna meli kama hii inavyopakiwa inafaa kueleweka vizuri. Kati ya gati na meli kuna daraja fupi lenye reli juu yake, ambalo upande wake mmoja hupanda na kushuka kulingana na maji. Injini ya treni husukuma mabehewa polepole kupitia daraja hilo mpaka sitahani. Haiwezekani kujaza upande mmoja kwanza, kwa maana meli ingelala. Mabehewa huingizwa kwa zamu, kulia na kushoto, huku maji yakihamishwa ndani ya matangi ya chini ili kuisawazisha. Yakishakaa, hufungwa kwa minyororo, maana behewa lenye magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma halihitaji wimbi kubwa ili lianze kutembea. Bandari ya upande wa pili nayo lazima iwe na daraja la aina hiyo hiyo, reli ya upana ule ule na injini inayosubiri.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa na faida ambayo hakuna aliyemfuata aliyeipata: reli, mabehewa, karakana na meli vilikuwa vyake katika nchi zote tatu. Hata shirika lilipogawanywa mwaka 1969, bandari za baharini zikienda upande mmoja na reli upande mwingine, meli za ziwani zilibaki na reli. Hesabu ilikuwa moja. Behewa lililochelewa Kampala lilikuwa tatizo la ofisi ile ile iliyoiendesha Uhuru.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Uhuru ikawa ya Kenya, Umoja ikaenda Tanzania, na Uganda, yenye shehena nyingi zaidi ya kuvusha, ikabaki bila feri ya mabehewa. Miaka ya 1980 ikapata tatu kutoka Ubelgiji: Kabalega, Kaawa na Pamba. Shirika la Reli la Kenya liliendelea kuiendesha Uhuru, lakini sasa safari moja ilihitaji mapatano ya mashirika mawili.

Miaka ya 1990 gugumaji lilifunika sehemu kubwa za Ghuba ya Winam na kuzuia njia ya meli. Mwaka 2005 Kabalega iligongana na Kaawa, ikazama. Kati ya 2004 na 2006 maji ya ziwa yalishuka sana. Mwishoni mwa 2006 uendeshaji wa reli za Kenya na Uganda ulikabidhiwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, ambao kwa upande wa Kenya ulikatizwa mwaka 2017. Wakati huo wote njia ya Nakuru hadi Kisumu, inayopita Londiani na Muhoroni, ilikuwa ikichakaa na mizigo ikihamia barabarani. Uhuru ilikaa gatini zaidi ya mwongo mmoja. Hata kama ingekuwa nzima, mabehewa ya kuijaza hayakuwa yakifika.

Ilifufuliwa mwaka 2019 na Shirika la Reli kwa msaada wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, na Desemba mwaka huo ikaanza tena kupeleka mafuta Port Bell. Chaguo la mafuta lilikuwa la busara: bomba huyafikisha Kisumu lenyewe, kwa hiyo mabehewa hujazwa papa hapa bila kuingoja reli ya kutoka Nakuru. Meli hubeba mabehewa 22, takriban lita milioni 1.1. Ikiwa lori moja hubeba lita 35,000, safari moja ya Uhuru huondoa barabara ya Busia zaidi ya malori 30.

Shehena nyingine bado hutegemea reli. Njia ya Nakuru–Kisumu imekarabatiwa, na Uhuru sasa ina mwenzake, Uhuru II, iliyojengwa Kisumu na Kenya Shipyards Limited. Hata hivyo reli iliyo juu ya sitaha ya meli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ile ya SGR inayoishia karibu na Naivasha ina milimita 1,435. Kontena linalotoka Mombasa kwa SGR halina budi kushushwa na kupakiwa upya kwenye behewa la reli ya zamani kabla ya kuteremka Kisumu na kuingia melini. Kreni ndiyo inayolinyanyua siku hizi, lakini kazi ni ile ile ya gunia la kahawa.