Mbwa wa Lindo Anapochechemea: Mwongozo kwa Walinzi na Wasimamizi wa Mabanda

Daktari wa mifugo humwona mbwa kwa dakika chache, tena mchana, mbwa akiwa amechangamka kwa kuona wageni. Wewe unayepiga naye doria ndiye unayemwona alfajiri akiinuka kwenye sakafu ya saruji. Taarifa yako ndiyo inayoanzisha matibabu.

Baridi yabisi ya mbwa huanza taratibu. Gegedu linalofunika ncha za mifupa huchakaa na kiungo huvimba. German Shepherd na Rottweiler wako hatarini zaidi, maana wengi wao nyonga hazikai sawasawa kwenye tundu lake, na maumivu yanaweza kuanza wakiwa bado vijana. Mbwa wa namna hii hukakamaa hatua za mwanzo, kisha hulainika akishatembea kidogo. Husita kurukia pikapu aliyokuwa akiirukia. Mwongoze kwa mchakamchaka wa polepole kwenye ardhi tambarare, mwenzako akimtazama kwa mbele: kama ni mguu wa mbele, kichwa hupanda mguu mbovu unapokanyaga, hushuka ule mzima unapokanyaga.

Usiseme ni viungo kabla ya kukagua nyayo: mwiba, kigae cha chupa, funza, ukucha uliopasuka. Kisha tafuta kupe. Kupe wa kahawia hueneza erlikiosisi, ugonjwa unaoweza kuvimbisha viungo na kufanya mbwa achechemee mguu huu leo na mwingine kesho. Joto la mwili likizidi 39.5 akiwa ametulia, ufizi ukipauka, au damu ikimtoka puani, mpeleke siku hiyohiyo. Hapo kinachohitajika ni antibiotiki, kwa kawaida doksisaiklini. Dawa ya maumivu peke yake haitamponya. Asiyekanyaga kabisa ghafla naye asisubiri, huenda amevunjika mfupa au amekatika kano ya goti.

Dawa za binadamu ni marufuku. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazopatikana katika kila duka la dawa, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Panadol pia ni hatari. Mbwa wazuri hufa kwa kidonge walichopewa kwa huruma.

Daktari huandika zaidi meloksikamu au kaprofeni, kwa uzito. Meloksikamu ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku. Mbwa wa kilo 30 hupata 6, halafu 3. Kwa hiyo mpime kwenye mzani, usikadirie kwa macho. Mpe pamoja na chakula. Akitapika, akiharisha, akikataa kula au akitoa kinyesi cheusi kama lami, acha dawa na mpigie daktari. Mweleze pia kama amewahi kuchomwa deksamethasoni au kupewa prednisoloni, kwani dawa hizo hazichanganywi na hizi.

Unene ndio adui mkubwa wa viungo, na ugali mwingi wa mabandani huuleta haraka. Mbavu zihisike unapopapasa kwa vidole. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa Labrador waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na yabisi iliwachelewa.

Usimfungie mbwa mgonjwa bandani usiku kucha. Misuli ikilegea, kiungo hubeba mzigo wote. Mpangie doria fupi fupi zenye mapumziko, bila ngazi wala kuruka. Atandikiwe magunia makavu juu ya mbao zilizoinuliwa. Katika daftari la lindo andika mguu unaouma, saa, na alivyoinuka. Daftari hilo liende naye kwa daktari.