KUSOMA HERUFI MOJA KUNAOKOA FEDHA
Somo: Kadi ya mtandao, tundu lake na waya wake



Siku hizi kompyuta zimefika mpaka kwenye ofisi za ushirika vijijini. Karani anaandika kilo za wakulima kwenye kompyuta moja. Mtunza hazina anaandika malipo kwenye nyingine. Zikiunganishwa, wote wawili wanaona hesabu moja.

Ili kuziunganisha panahitajika kadi ya mtandao na waya. Lakini si kila kadi huingia katika kila kompyuta. Ukinunua isiyofaa, jasho la wakulima limepotea bure. Basi tujifunze kuchagua.

1. Tazama kwanza mgongoni

Usikimbilie dukani. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani tayari kuna tundu la mtandao. Waya wake una kichwa cha plastiki chenye vijino 8 vya chuma. Tundu la simu ya mezani linafanana nalo, ila lenyewe ni jembamba zaidi. Kama tundu la mtandao lipo na ni zima, huna haja ya kununua kadi.

2. Soma herufi za ndani

Kama tundu halipo, au limekufa, zima kompyuta. Chomoa waya wa umeme. Kisha fungua ubavu. Utaona bamba kubwa lenye matundu marefu ya plastiki. Humo ndimo kadi huchomekwa. Mara nyingi kando ya kila tundu pamechapwa herufi. Zisome.

PCI: Hii ni aina ya zamani, iliyoanza mwaka 1992. Tundu lina urefu wa sentimita 8 na nusu hivi.

PCIE: Hii ni aina mpya zaidi, ya mwaka 2003. Tundu fupi lina sentimita 2 na nusu hivi. Refu lina karibu sentimita 9.

Umeona? Tofauti ni herufi moja tu, E. Lakini kadi ya PCI haiingii katika tundu la PCIE, wala ya PCIE haiingii katika PCI. Ukilazimisha, utavunja. Tena usipime kwa urefu peke yake, maana PCI na PCIE ndefu zinakaribiana. Kadi fupi ya PCIE, hata hivyo, huweza kukaa katika tundu refu la PCIE na ikafanya kazi vizuri.

Angalia pia kile kipande cha chuma mwishoni mwa kadi. Kompyuta nyembamba hutaka kipande kifupi. Kirefu hakitaingia.

Kompyuta ya kubeba haina matundu haya. Hiyo hutumia kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

3. Waya na mwendo wake

Kadi zina mwendo mbalimbali: megabiti 10, 100 au 1000 kwa sekunde. Ng'ombe wawili wakifungwa nira moja, huenda kwa mwendo wa yule mzito. Ndivyo ilivyo hapa. Kadi ya 1000 ikiunganishwa na kifaa cha 100, mwendo utakuwa 100. Kwa nini basi ulipie zaidi?

Waya nao una maandishi kwenye ngozi yake. Kwa mwendo wa 1000, tafuta CAT5E au CAT6. Ndani yake mna nyuzi 8. Kwa mwendo wa 100 nyuzi 4 tu hufanya kazi, lakini kwa 1000 zote 8 lazima ziwe nzima. Waya mmoja usizidi meta 100. Ukizidi hapo, weka katikati kile kisanduku cha kuunganishia kiitwacho swichi.

4. Kabla ya kutoa fedha

Andika kwenye karatasi: aina ya tundu, urefu wa kipande cha chuma, mwendo unaotakiwa, na meta za waya. Nenda nayo dukani. Linganisha na maandishi ya kwenye kadi. Usipoelewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadiliana

1. Kamati imeuziwa kadi ya PCI. Kompyuta ina matundu ya PCIE tu. Mtafanya nini?

2. Kutoka ofisini hadi ghalani ni meta 130. Je, waya mmoja utatosha? Swichi mtaiweka wapi?

3. Katika ofisi yenu, nani atunze ile karatasi ya vipimo? Kwa nini?