SOMO LA AFYA: Jino Linalouma si Lazima Ling'olewe



Huku kwetu Kitale na Bungoma, mtu akiumwa na jino hupewa shauri moja tu: "Si uende waling'oe!" Mwingine hununua dawa za maumivu dukani mpaka shavu linafura. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu hapa Kenya ana meno yaliyooza. Basi hili ni jambo letu sote. Tujifunze njia ya kuokoa jino, na habari ya mwanga unaoua vijidudu.

1. Ndani ya jino

Jino si jiwe. Katikati lina nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka mpaka ncha ya mzizi. Jino likitoboka, vijidudu huingia. Mwanzoni chai ya moto au kitu baridi kinakuchoma. Baadaye usiku hulali. Halafu maumivu yaweza kuisha ghafla. Usifurahi! Mara nyingi mshipa umekufa, na vijidudu vinaendelea kuleta usaha kwenye mfupa.

2. Kutibu mzizi

Daktari wa meno hutia ganzi, hufungua jino, na kutoa uchafu kwa vyuma vyembamba. Huosha kwa dawa ya jamii moja na Jik ya kufulia, lakini iliyopimwa kwa kazi hiyo. (Usijaribu nyumbani!) Mwisho huziba mzizi na kufunika jino. Huenda ukarudi mara mbili au tatu.

3. Mwanga unasaidiaje?

Mzizi una vijia vidogo ambavyo chuma hakifiki. Kwa hiyo madaktari wengine, baada ya kuosha, hutia rangi ya buluu, kisha huingiza uzi mwembamba unaotoa mwanga mwekundu. Mwanga ukiipiga rangi, oksijeni iliyo pale huwa kali na kuua vijidudu. Ni kama kiberiti na mafuta ya taa: kazi inafanyika vikikutana. Nguvu hii ya rangi na mwanga ilionekana karibu mwaka 1900 huko Munich, Ujerumani, na mwanafunzi wa udaktari, Oscar Raab.

Lakini sikilizeni vizuri: mwanga ni msaidizi tu. Hauchukui nafasi ya kusafisha na kuziba. Kliniki isipokuwa nao, usikatae matibabu ya kawaida. Tena, ile taa ya buluu ambayo wengi wameiona kwa daktari wa meno ni ya kukaza dawa ya kuzibia, si hii.

4. Tufanye nini?

a) Tusingoje. Tundu dogo huzibwa kwa pesa kidogo. Kutibu mzizi ni ghali kuliko kung'oa, lakini jino lililong'olewa halirudi.

b) Tumuulize daktari: Je, jino hili laweza kuokolewa? Nitarudi mara ngapi? Jumla ni pesa ngapi, pamoja na kulifunika? Jino likiwa limeharibika kabisa, kung'oa ni sawa.

c) Uso ukifura pamoja na homa, au mtu akishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Asingoje mpaka siku ya soko. Usaha wa jino unaweza kuua.

d) Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na tupunguze kutafuna miwa na peremende kila saa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wameng'olewa jino bila kuuliza kama laweza kuokolewa?
2. Je, mfuko wetu wa dharura unaweza kumkopesha mwanachama pesa za jino? Atalipa kwa muda gani?
3. Nani ataenda hospitalini kuuliza bei na siku za kliniki ya meno, atuletee habari mkutano ujao?