Viwavijeshi, Adui wa Majani

Ukoka ni jani dogo, na wengi hulikanyaga bila kulifikiri. Lakini katika viunga vya Dar es Salaam, kama Kinondoni na Temeke, ndilo lifunikalo viwanja na kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Nalo ni ndugu wa mahindi, mpunga na mtama. Adui yao ni mmoja, naye ni kiwavijeshi.

Mama yake ni nondo wa kijivu, arukaye usiku na kuchukuliwa na upepo safari ya mbali. Mvua za kwanza zinyeshapo, hushuka akataga mayai, mamia kwa mamia. Baada ya siku chache viwavi hutoka. Wakiwa wachache huwa kijani, nao hujificha. Wakiwa wengi hugeuka weusi wenye milia, hula mchana kweupe, na majani yakiisha huandamana kama askari kutafuta mengine. Ndiyo maana ya jina lao. Baada ya majuma mawili au matatu hujizika ardhini, nao hutoka nondo, wakaenda zao.

Basi, mkulima aonapo shamba limekwisha liwa, amechelewa. Kwa hiyo wenye elimu walichunguza tabia za nondo. Walijua kwamba jike humwita dume kwa harufu. Wakatengeneza harufu kama hiyo, wakaitia mitegoni. Madume hunaswa na kuhesabiwa. Wakizidi, watu huonywa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Kilosa walifundishwa kazi hii wenyewe.

Tena, wataalamu wa vyuo vikuu vya Greenwich na Lancaster, Uingereza, pamoja na wenzao wa Tanzania, walichunguza ugonjwa uuao viwavi hawa. Kiwavi mgonjwa hufa, mwili wake ukawa majimaji, na wenzake walao majani yale huambukizwa. Mwaka 2008 walitangaza kwamba virusi vya ugonjwa huo, vikinyunyizwa mapema, vyaweza kuwaua viwavi wengi.

Nawe, mwanafunzi, mvua zianzapo, funua ukoka wa kiwanja chenu utazame. Ukiona viwavi wadogo, mwambie mwalimu au bwana shamba siku ile ile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini viwavi hawa waitwa viwavijeshi?
2. Mtego wa nondo hunasaje?
3. Kwa nini yafaa kuwatafuta viwavi wangali wadogo?