Stimu Iliyotafuta Mabomu Tanga

Bomu la baharini halielei juu ya maji hata mtu akaliona. Hufungwa mnyororo, na mnyororo hutiwa uzito ukakaa chini, bomu likasimama ndani ya maji likingojea kuguswa na meli. Dawa yake ni meli mbili kuvuta waya mrefu kati yao. Mnyororo ukikatwa, bomu huibuka, nalo hupigwa risasi kwa mbali. Bahari husafishwa ukanda kwa ukanda, kama mkulima apaliliavyo shamba, wala kazi hiyo haiendi mbio.

Jambo hili lilileta msiba karibu na pwani ya Kwale mwaka 1914. Tarehe 7 Oktoba Wajerumani waliishambulia Gazi, wakarudishwa nyuma. Mwisho wa mwezi huo Jemadari Aitken akafika Mombasa na jeshi kutoka Bara Hindi, watu 8,000 hivi, ili kuitwaa Tanga. Meli zao zikashuka kusini, zikapita Diani, Msambweni na Vanga.

Asubuhi ya 2 Novemba manowari Fox, ya Kapteni Caulfeild, ilitangulia. Yalikuwapo mapatano ya kutopigana Tanga, naye kapteni akaona ni haki kuwaarifu Wajerumani kwamba yamekwisha. Akampa Bwana Auracher, mkuu wa wilaya, muda wa saa moja ajisalimishe. Akauliza pia habari za mabomu, wala hakupata jibu la kumtuliza. Saa ikapita, bendera ya Wajerumani haikushuka. Ndipo stimu ndogo, jina lake Helmuth, ikapewa kazi ya kutafuta mabomu, na jeshi zima likangoja.

Huko nyuma simu ilikwisha kumfikia von Lettow-Vorbeck, na askari wake walikuwa njiani kwa gari la moshi kutoka Moshi. Waingereza walianza kushuka Ras Kasone usiku. Vita vikubwa vilipiganwa tarehe 4, na watu 1,000 hivi wakawashinda 8,000. Kesho yake walioshindwa walirudi melini, wakaacha pwani bombomu, mamia ya bunduki na risasi nyingi mno. Habari ya nyuki waliowauma askari hupendwa sana na wasimulizi, lakini saa zile zilizopotea bandarini ziliwadhuru zaidi.

Helmuth haikupata bomu hata moja.

Vita vikabaki mpakani. Januari 1915 Wajerumani waliitwaa Jasini, jirani na Vanga, na Waingereza wakaliacha bonde la Mto Umba. Tanga yenyewe haikutwaliwa hata Julai 1916.