Chungu cha Makande na Jirani Mwenye Njaa

Kila kabila lina chakula chake ambacho mtu, hata akienda mbali na kuzoea vyakula vya kigeni, hukikumbuka siku ya baridi au ya ugonjwa. Kwa Wapare chakula hicho ni makande, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja katika chungu kimoja. Nchini pote mtu akitaja Upareni, mwenzake hutaja makande, na mara nyingi hucheka kidogo. Na wacheke. Sisi leo twataka kukitazama chungu hicho kwa makini, kwa kuwa chaweza kutufunza mengi juu ya njaa, na hasa juu ya namna ya kumsaidia mwenye njaa.

Kwanza tukumbuke yapikwavyo. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo na kutwangwa kinuni hata ganda la nje litoke, kisha hupepetwa na kuoshwa. Wengine huyapika bila kuyakoboa. Maharagwe, au kunde, huchaguliwa na kulowekwa tangu jioni. Chungu huinjikwa mafigani, na kazi yake ni ya saa tatu au zaidi, hasa kama maharagwe ni ya mwaka jana. Mwishoni hutiwa chumvi na kitunguu, na mwenye nazi au maziwa huongeza. Jirani zetu wa Kenya wanacho chakula hicho hicho: Wakikuyu hukiita githeri, na Wakamba, ambao huyakoboa mahindi, hukiita muthokoi. Kamusi zetu za Kiswahili nazo zina neno lake la zamani, pure. Kwa hiyo hatudai kuwa Mpare ndiye aliyeyavumbua makande. Twasema tu kwamba ameyatunza kuliko wengi. (Twajua pia wapo wasomaji ambao, kwa kuyala siku nyingi mno katika shule za bweni, hawataki hata kuyasikia. Hao twawaambia ya kuwa makande ya shule na makande ya mama ni vitu viwili mbalimbali.)

Wataalamu wa lishe wametueleza sababu ya nguvu zake. Mahindi peke yake hayana protini iliyo kamili, kwa kuwa yamepungukiwa na kitu kimoja kiitwacho lisini, nacho maharagwe kinacho kwa wingi. Viwili hivyo vikikaa pamoja, kimoja hujaza upungufu wa mwenziwe. Bibi zetu hawakulijua neno lisini, lakini walijua ni watoto gani wanaonawiri.

Basi tuitazame nchi yenyewe. Wilaya ya Same ni nchi mbili ndani ya moja. Juu iko milima, na kilele chake Shengena chafika mita 2,462. Huko kuna misitu, ukungu, migomba, na tangawizi ya Mamba iendayo masokoni mwa mbali. Chini upande wa magharibi ziko tambarare za Same, Makanya na Hedaru, ambazo mvua huzikimbia, kwa sababu pepo zitokazo baharini huimwaga mvua yake mlimani kabla hazijavuka. Mtu wa Same hutazama juu akaona mawingu yametanda, na shamba lake mwenyewe limepasuka kwa ukavu.

Wazee hawakukubali kushindwa na jambo hilo. Walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe na kupelekwa mashambani kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva huzibuliwa tope kwa msaragambo, kazi ya wote, na asiyefika hutozwa faini. Huko Makanya, ambako mto umekauka sehemu kubwa ya mwaka, wakulima huyangoja mafuriko yashukayo kutoka milimani na kuyaelekeza shambani. Hivyo mahindi ya mtu wa chini hutegemea adabu ya mtu wa juu katika kutumia maji.

Hata hivyo miaka mingine huwa migumu. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 ukame uliipiga kaskazini ya Tanzania, na mifugo mingi ikafa. Tena mvua nayo ikizidi huua: mwezi Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliwafukia watu katika kijiji cha Goha, huko Mamba, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Lakini njaa iliyo nyingi haina kishindo cha namna hiyo. Huingia polepole. Baada ya mavuno baba huuza mahindi kwa bei ndogo ili alipe madeni na mahitaji ya shule; yaliyobaki huliwa na dumuzi ghalani; na ifikapo miezi ya kungojea mavuno mengine, hununua kwa bei kubwa mahindi yale yale aliyoyauza. Ndipo maharagwe hutoka chunguni, kwa maana bei yake hushinda ya mahindi. Kisha makande hutoweka kabisa, kwa kuwa hutaka kuni nyingi na maji mengi, na mama aliyeshinda akitafuta kibarua hana saa tatu za kukaa mafigani. Hubaki ugali na mboga kidogo, baadaye uji mtupu. Nyumba ikifika hapo haijawa na mtu wa kuzikwa, wala haitatajwa na serikali, lakini watoto wake wamekwisha kuanza kudumaa. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Hao hawawezi wote kuwa watoto wa nchi ya ukame. Wengi wanakaa mahali penye mahindi ya kutosha.

Hapa ndipo tunapoona msaada wetu hupungua. Tumezoea kudhani ya kuwa tukimpa mwenye njaa debe la mahindi tumekwisha kazi. Debe hilo ni jema, nasi hatulidharau. Lakini atalipika kwa kuni gani, na kwa maji gani? Je, maharagwe yako wapi? Kwa habari ya maji, mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, unaoyavuta kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa mwezi Machi 2025, nao ni faraja kubwa. Mengine yamo mikononi mwetu. Mwenye kutoa mahindi na aongeze maharagwe, hata kama itampasa kupunguza mahindi. Mwenye kuni apeleke mzigo mmoja.

Tena yatupasa kuilinda heshima ya mtu. Katika milima yetu mwenye njaa huificha, na pengine huwasha moto ili majirani waone moshi, kumbe chungu kina maji matupu. Mtu kama huyo hatakuja kuomba, wala hatasimama mstarini jina lake lisomwe. Desturi ya kwetu ilikuwa njema zaidi: mtoto hutumwa na bakuli, husema tu, “Mama amekusalimu,” na bakuli hurudi siku yoyote, na chochote au bila kitu. Akina mama wa jumuiya ndogondogo wanaijua milango hiyo kuliko kamati yoyote. Waachiwe wao kazi hii, nao akina baba watoe fedha bila kudai orodha ya majina.

Jambo la mwisho ni mbegu. Mvua za vuli huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na kunde huvumilia ukavu kuliko maharagwe, hukomaa mapema, na majani yake huliwa kama mboga. Kilo chache zilizowekwa akiba na jumuiya moja zaweza kupandwa na familia kadhaa, nazo zikivuna zirudishe kiasi zilichopokea kwa ajili ya wengine mwaka unaofuata. Jumuiya itakayo kuanza na ihesabu nyumba zake mwezi Agosti, na kuigawa mbegu kabla Septemba haijaisha.