Mlango wa Benki Iliyofilisika na Haki za Walioweka Mali Zao

Neno mufilisi asili yake ni fulusi, nazo ni zile pesa za shaba, sarafu iliyo duni kuliko zote. Wenye lugha wasema mtu huitwa mufilisi kwa kuwa dinari zake na dirhamu zake zimekwisha, asibakiwe mkononi ila na fulusi. Ama katika sharia, mufilisi ni yule ambaye madeni yake yaliyofika muda yamezidi mali yake. Tafauti hii yataka kushikwa vizuri. Yule wa kwanza ni masikini, na kila mtu amwona. Huyu wa pili aweza kuwa na nyumba na gari na makarani, na mlango wake ukafunguliwa asubuhi kama desturi, naye ni mufilisi. Benki ikianguka huwa ni ya namna hii ya pili, ndiyo maana khabari yake huwashitua watu. Wala mtu asichanganye mufilisi na mfilisi: mufilisi ni aliyefilisika, na mfilisi, kwa maneno ya serikali ya leo, ni yule anayewekwa kukusanya mali yake na kuigawa.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja, ikazinyang'anya leseni na kuziweka chini ya ufilisi. Nazo ni Benki ya Wananchi ya Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, Benki ya Wananchi ya Meru, Benki ya Efatha na Benki ya Wanawake ya Covenant. Kabla yake, mwezi wa Mei 2017, ilikuwa imekwisha kufungwa Benki ya Wananchi ya Mbinga. Sababu iliyotajwa ni moja, nayo ni upungufu wa mtaji. Benki ya wananchi ilitakiwa iwe na mtaji wake wenyewe usiopungua shilingi bilioni 2, hali benki kubwa ya biashara yatakiwa bilioni 15. Na muda wa kutimiza uliisha pamoja na mwaka 2017. Siku hiyo hiyo benki tatu nyingine, ya Wanawake Tanzania, ya Ushirika Kilimanjaro na ya Wananchi Tandahimba, zilipewa miezi sita ya kujitengeneza. Hizo hazikufa: ya Wanawake ilitiwa ndani ya Benki ya Posta mwaka 2018, na zile mbili ziliungana, ikatoka kwazo Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025.

Tazama majina ya zile zilizofungwa: Mbinga, Kagera na Meru ni nchi za buni. Mtu wa Usinge asidhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa mbali. Yeye hungoja tumbaku kama wale wangojavyo buni. Chama chake cha msingi hukopa mbolea kabla ya mvua, na deni hukatwa baada ya masoko. Fedha huja kwa mkupuo mmoja katika mwaka, na kwa mkupuo mmoja hutoka. Benki ndogo iliyosimama juu ya zao moja huwa kama nyumba ya nguzo moja: mwaka ambao bei imeshuka, wakopaji wote hushindwa pamoja, na waliojiwekea akiba wote huja kuitoa pamoja.

Sasa lije suala ambalo ndilo mlango wa masuala yote: fedha aliyoiweka mtu katika benki ni amana au ni karadha? Watu huiita amana, na hata ile bodi ya serikali inayowakinga yaitwa Bodi ya Bima ya Amana. Lakini hukumu haifuati jina. Amana katika madhehebu ya Imamu Shafi'i ni mali iliyo mkononi mwa mtunzaji kwa ajili ya kuhifadhiwa tu. Haruhusiwi kuitumia, na ikipotea bila ya uzembe wake halipi. Akiitumia amekuwa mwenye dhamana. Na benki haichukui fedha ya watu kuifungia sandukuni. Huichukua ikaikopesha, na yule aliyeweka ajua hivyo na ameridhika. Kwa hiyo fedha hiyo ni karadha, mwenye kuweka ni mdai, na benki ni mdaiwa. (Mas'ala ya riba yana mlango wake, hapa maneno ni juu ya rasilmali.)

Mfano wake uko tangu zama za masahaba. Zubeir bin Awwam alikuwa watu wakimletea mali zao awawekee, naye akikataa kuzipokea kwa jina la amana, akizipokea kwa jina la deni, kwa kuchelea zisije zikapotea wenyewe wakakosa pa kudai. Alipouawa mwaka 36 wa Hijra, mwanawe Abdallah alihesabu madeni akayakuta ni 2,200,000, wala hapakuwa na dinari wala dirhamu iliyobaki, ila ardhi na nyumba. Shamba la Ghaba, ambalo Zubeir alilinunua kwa 170,000, liliuzwa kwa 1,600,000. Madeni yakalipwa yote. Warithi walipotaka wagawiwe, Abdallah alikataa mpaka amenadi katika misimu minne ya Hija, mwaka baada ya mwaka, ya kuwa kila mwenye kumdai Zubeir aje achukue haki yake. Hiyo Imamu Bukhari ameipokea kwa urefu, nayo yafaa kusomwa na kila mfilisi.

Zubeir alikuwa na ardhi iliyozidi madeni. Benki ndogo haina Ghaba. Mtaji wake ndio Ghaba yake, na kwa ajili hiyo Benki Kuu hautazama mtaji kabla ya kutazama jengo. Chukua hesabu hii kwa mfano. Benki ina mtaji wa milioni 100, na watu wameweka milioni 900. Jumla ni milioni 1,000. Katika hizo, 200 zimo sandukuni na 800 zimekopeshwa. Mvua ikaharibu, na milioni 150 za mikopo zikawa hazilipiki tena. Mali ya benki imebaki 850, na deni la watu ni lile lile 900. Mtaji wote umeliwa, na milioni 50 za walioweka zimeliwa pamoja nao. Sandukuni bado mna milioni 200, na karani alipa kila ajaye. Siku hiyo benki ni mufilisi, na aliye nje ya dirisha hana khabari.

Ikigawiwa siku hiyo kwa uadilifu, kila shilingi 100 yapata shilingi 94 na ziada kidogo. Lakini habari ikivuja, wenyeji wa mjini wenye kusikia mapema wakazitoa zile 200 zote, hubaki 650 kwa madeni 700, na kila shilingi 100 ya waliochelewa haifiki 93. Waliotangulia wamepata 100 kamili, na tafauti yake wamelipa wengine. Nani hao wengine? Ni mtu wa Usinge aliyesikia khabari siku ya tatu, akangoja treni ya kwenda Tabora.

Hapa ndipo idhihirikapo hekima ya kile ambacho mafakihi wakiita hajri, yaani kumzuia mufilisi asitumie mali yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimzuia Muadh bin Jabal mali yake, akaiuza kwa ajili ya deni lake. Watu huulaumu mlango wa benki unapofungwa ghafula bila ya onyo. Lawama hiyo yaeleweka, lakini haina nguvu: onyo lingekuwa tangazo la kuwaita walio karibu waje wale fungu la walio mbali. Lawama yenye nguvu ni kwa nini mlango haukufungwa mwaka mmoja kabla, upungufu ulipokuwa mdogo.

Mali ikikwisha kuzuiwa, huuzwa. Imamu Nawawi katika Minhaji ameweka utaratibu: kwanza kilicho karibu na kuharibika, kisha wanyama, kisha vitu vichukulikavyo, kisha ardhi na majengo, na kila kitu kiuzwe sokoni kwake, kwa thamani ya mfano wake, kwa nakidi. Kisha wenye kudai hugawiwa kwa kadiri ya madeni yao. Na akitokea mdai mwingine baada ya mgao, huingia pamoja na wenziwe kwa fungu lake.

Akiuliza muulizaji: Je, aliyekopa katika benki hiyo amesamehewa, maadamu benki imekufa? Jawabu: hapana. Deni lake ni katika mali ya benki, na mfilisi humdai kama benki ilivyomdai. Kila shilingi anayoizuia aizuia kwa jirani yake aliyeweka akiba. Ama aliye na dhiki ya kweli, huyo yampasa apewe muhula mpaka apate wasaa, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Bakara.

Akiuliza: Mtu aliyenunua hisa naye atadai pamoja na wenye akiba? Hapana. Mwenye hisa ni mshirika, na mshirika hubeba hasara kwa kadiri ya mtaji wake. Hapati kitu mpaka wadai wote wametimiziwa. Hapa ndipo wengi wa vijijini huumia, kwani aliuziwa karatasi ya hisa katika mkutano wa kijiji, akaiweka pamoja na kitabu cha akiba, akadhani ni kitu kimoja. Asiyejua kusoma na amsomeshe mtu mwaminifu karatasi zake kabla benki haijafungwa.

Akiuliza: Na ile bima yafanya nini? Kila benki hutoa mchango kila mwaka katika mfuko wa Bodi, na benki ikifungwa, Bodi humlipa kila mwenye akiba mpaka kiwango kilichowekwa. Mwaka 2018 kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000. Tangu 2023 ni shilingi 7,500,000. Basi aliyekuwa na 4,000,000 mwaka 2018 alistahiki 1,500,000 katika bima, na 2,500,000 zilizobaki akawa anazidai katika ufilisi, apate fungu lake kwa kadiri ya vitakavyouzwa. Katika benki zile tano Bodi hiyo hiyo ndiyo iliyowekwa kuwa mfilisi. Mkulima mwenye akiba ndogo bima yamtosha. Aumiaye zaidi ni mwenye duka na chama cha ushirika.

Njia hii ya Tabora kwenda Ujiji yaijua karadha tangu zamani. Matajiri wa Unguja, kama Taria Topan, waliwakopesha wenye misafara nguo na shanga, na malipo yakangoja pembe zirudi; Hamed bin Muhammad, aliyeitwa Tippu Tip, alikuwa mmoja wa waliokopeshwa na Taria. Msafara ukipotea, aliyepoteza alikuwa tajiri mmoja, naye alijua amempa nani na kwa muda gani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ikakoma. Katika benki mambo yamegeuka: mkopeshaji ni mkulima, wala hajui fedha yake amepewa nani.

Lililobaki ni la warithi. Mwenye akiba akifariki kabla ya kulipwa, haki yake haifi, bali ni katika tirka, nayo hugawiwa baada ya madeni yake na wasia wake. Msimamizi wa mirathi na aende na kitabu cha benki, kitambulisho na hati ya mahakama. Bodi imetangaza mara kwa mara kuwaita ambao hawajafika kuchukua fedha zao, na wengi wa hao ni wenye akiba ndogo. Fedha iliyoko huko kwa jina la marehemu ina fungu la mjane na fungu la yatima, na ndugu mkubwa hana idhini ya kuiacha kwa sababu aona nauli ya treni ni ghali kuliko fungu lake mwenyewe.